Kadi Kumi na Moja za Mzee Sifuna

Kila siku baada ya shule Nasambu alipitia nyumbani, akavua sare, akanywa chai iliyoachwa kwenye chupa, kisha akavuka barabara kwenda stoo ya Mzee Sifuna. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa Gredi ya Saba katika mtaa wa Langas, Eldoret. Mama yake, Nabalayo, aliuza nguo za mitumba sokoni na hakurudi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Alimruhusu kukaa kwa Mzee Sifuna kwa sababu walisali naye kanisa moja, na pia kwa sababu mlango wa stoo ulielekea barabarani na ulikaa wazi wakati wote. Nabalayo aliangalia mambo kama hayo.

Stoo yenyewe ilikuwa ya mabati. Ndani yake mlikuwa na rafu za mbao, na juu ya rafu zilipangwa mashine za gemu za zamani. Kulikuwa na zile za kuchomekwa kwenye televisheni, pedi za kuchezea zenye nyaya ndefu zilizosokotana, kaseti za plastiki za rangi ya njano na kijivu, na gemu ndogo za mkononi zilizotumia betri mbili. Pembeni lilisimama kabati moja kubwa lenye skrini yake, refu kuliko Nasambu. Jumla vilikuwa vitu sitini na vinne. Kazi ya Nasambu ilikuwa kuvifuta vumbi kwa brashi na kitambaa kikavu, kimoja baada ya kingine.

Kwa miaka ishirini Mzee Sifuna alikuwa na banda la gemu pale mtaani. Watoto walijaa mpaka wengine wakachungulia kupitia matundu ya mabati. Kisha simu zikaja, kila kijana akawa na gemu mfukoni, na mabanda yakafungwa moja moja. Wenye mabanda waliuza mashine zao kwa watu wa vyuma chakavu. Mzee Sifuna peke yake ndiye aliyekwenda akizikusanya. Alitaka kufungua makumbusho, mahali ambapo mtoto ataingia aone baba yake alicheza nini, kwenye mashine gani, na nani alikuwa bingwa wa mtaa.

Vijana wa boda boda walimwita Mzee wa Makopo. Walimuuliza kama atazikwa nayo. Yeye aliwajibu kwamba akienda nayo mbinguni, wao kule watakakokwenda watacheza na nini. Walicheka, naye akacheka nao, lakini Nasambu alijua kwamba jambo lile halikuwa mzaha kwake. Mke wake alikuwa amefariki, watoto wake walikuwa mbali, na magoti yake yalimuuma. Makumbusho hayo ndiyo yaliyomwamsha asubuhi.

Mwezi wa Julai ploti ile iliuzwa. Mmiliki mpya alimwambia Mzee Sifuna aondoe vitu vyake kabla ya siku ya mwisho ya mwezi, maana tingatinga lingekuja kubomoa. Mzee alikwenda kanisani kuomba darasa la zamani la chekechea ambalo halikuwa na kazi tena. Mchungaji Kiprop hakukataa. Hata hivyo alimweleza kwamba vitu vya stima vilivyokwisha kutumika vina mambo mengi, na kanisa haliwezi kuweka chini ya paa lake kitu cha wizi. Baraza la wazee wa kanisa lilitaka kila kitu kiwe na kadi, na kadi iseme kitu kilikuwa cha nani na kilimfikiaje Mzee Sifuna. Wangekuja kukagua Jumamosi ya mwisho ya mwezi.

Mzee alimkabidhi Nasambu kazi ya kadi. Hati yake ilikuwa nzuri, na insha zake zilisomwa mbele ya darasa.

"Andika vile unavyoandika insha," Mzee alimwambia. "Wazee wakisoma wapendezwe."

Vitu hamsini na vitatu havikuwa na shida. Mzee aliketi kwenye stuli akisimulia, na Nasambu akaandika. Lakini vilibaki kumi na kimoja ambavyo Mzee hakujua habari zake. Vyote vilikuwa vimepitia mikononi mwa rafiki yake wa miaka thelathini, Shitanda, fundi wa redio mwenye kibanda karibu na daraja la Mto Sosiani. Mzee aliandika orodha, na mbele ya kila kitu akaandika kidogo alichokumbuka. Mbele ya mashine moja nyeusi aliandika neno moja tu, Munyaka, kwa kuwa alikumbuka Shitanda akiutaja mtaa huo. Alimtuma Nasambu kwa fundi, akamsihi asimrudishie kadi tupu, maana kadi moja tupu ingemharibia kila kitu.

Nasambu alikwenda Alhamisi. Alimkuta Shitanda ameinama juu ya redio iliyofunguliwa, chuma cha kulehemu mkononi, wateja watatu wakimsubiri. Shitanda aliitazama orodha, akairudisha. Alimwambia kwamba habari zile si za kusimuliwa na mtu aliyesimama. Aje Jumamosi asubuhi, wakae chini, amweleze kimoja kimoja.

Jumamosi ilianza na mvua. Baridi ya Julai ilikuwa kali, na njia ya kwenda darajani ilikuwa matope matupu. Edinah, rafiki yake wa darasani, alimwita kwao watazame televisheni. Nasambu alimweleza kuhusu fundi na zile kadi kumi na moja.

"Si utunge tu?" Edinah alisema. "Wewe si ndiye mwalimu husema una kipawa? Hao watu walishahama kitambo. Nani atajua?"

Nasambu alicheka, akamfuata kwao. Jumapili jioni, baada ya ibada, alikaa na kalamu akatunga kadi zote kumi na moja. Alishangaa jinsi kazi ilivyokuwa rahisi. Kuhusu ile mashine nyeusi aliandika hivi:

"Mashine hii ilikuwa ya barobaro mmoja mtanashati wa mtaa wa Munyaka, aliyependwa na wote kama lulu. Siku moja nyota ya jaha ilimwangaza, akapata nafasi ya kusoma ng'ambo. Aliwaaga wazazi wake kwa bashasha, akaiacha mashine yake nyuma ili watoto wengine nao wafurahi."

Mzee Sifuna alizisoma Jumatatu akiwa amevaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi. Alipofika kwenye kadi hiyo aliisoma mara mbili. Alisema ni vizuri kusikia kwamba kuna mtoto aliyecheza gemu akafika mbali, maana wazazi wengi walimlaumu kwamba banda lake liliharibu watoto. Kisha akamshukuru Mungu kwa sauti. Nasambu alikuwa amesimama karibu naye, na hapo angeweza kusema. Alichukua brashi akaanza kufuta vumbi kwenye rafu aliyokuwa ameshaifuta.

Jumamosi ya ukaguzi Mchungaji Kiprop alikuja na wazee wanne wa baraza. Mmoja wao alikuwa Mama Betty, kiongozi wa kina mama, mwanamke mrefu asiyesema sana, mwenye duka la chakula cha mifugo. Walipita polepole kati ya rafu wakisoma. Mzee mmoja, Kuria, alitabasamu alipoona gemu ya mkononi kama ile aliyowahi kumnunulia mwanawe. Mambo yalikuwa yakienda vyema. Mzee Sifuna aliwafuata nyuma, kofia mkononi.

Mama Betty alifika mbele ya mashine nyeusi akasimama. Hakusoma kadi kwanza. Aliichukua mashine, akaigeuza juu chini, akapitisha kidole kwenye herufi zilizochomwa upande wa chini. Nasambu alizijua herufi hizo. Alikuwa amezifuta vumbi mara nyingi bila kuuliza maana yake. NDERI.

"Nilimnyang'anya msumari kabla hajamaliza," Mama Betty alisema. "Alikuwa ameuweka motoni. Niliogopa ataungua."

Hakuna aliyemwelewa. Mama Betty aliirudisha mashine kwenye rafu, akachukua kadi, akaisoma mpaka mwisho.

"Sifuna," alisema, "mwanangu Nderitu alikufa kambini mwaka wa elfu mbili na nane, chini ya hema, kwa nimonia. Alikuwa na miaka kumi na minne. Hii ng'ambo aliyokwenda kwa bashasha ni ipi?"

Wazee wote walijua mwaka ule. Ulikuwa mwaka wa vurugu baada ya uchaguzi, wakati nyumba nyingi ziliporwa na kuchomwa na watu wakalala nje kwenye mahema wakati wa baridi. Nyumba ya Mama Betty ilikuwa mojawapo. Mzee Kuria hakutabasamu tena. Alimuuliza Sifuna kitu kilichotoka katika nyumba ile kilimfikiaje.

Mzee Sifuna alimtazama Nasambu. Nasambu alitazama viatu vyake.

"Sijui," Mzee Sifuna alisema.

"Kadi yako inasema unajua," Kuria akamjibu.

Mzee Sifuna alisema tu kwamba makosa ni yake, kwa kuwa kadi zimeandikwa kwa jina lake. Mchungaji Kiprop aliichukua ile mashine akaitunze ofisini mwake mpaka ukweli ujulikane. Alisema pia kwamba habari za darasa zingoje. Walitoka bila kunywa chai waliyoandaliwa. Mama Betty alitoka wa mwisho, na hakuaga.

Kesho yake kanisani benchi alilokaa Mzee Sifuna halikuwa na mtu mwingine. Habari zilikuwa zimefika kila mahali kwamba makopo yale yote ni vitu vya kupora, na mzee yule mpole amekuwa akila jasho la waliochomewa nyumba. Wale vijana wa boda boda hawakumtania tena. Walimtazama akipita, wakanyamaza, na jambo hilo lilikuwa baya kuliko utani.

Jumatatu Mzee alimuuliza Nasambu swali moja tu. Nani alimwambia habari za ng'ambo?

"Fundi Shitanda," Nasambu alisema.

Mzee aliitikia kwa kichwa. Alisema hawezi kuamini kwamba Shitanda angemtia katika aibu kama ile. Angekwenda mwenyewe akamuulize.

Jumanne ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi. Mzee Sifuna alitoka asubuhi na fimbo yake, magoti yakimuuma, akaelekea darajani. Alitarajia kurudi kabla ya saa sita ili ambembeleze mwenye ploti ampe siku chache zaidi. Lakini alitembea polepole, na huko alichelewa. Saa tano tingatinga liliwasili. Vibarua hawakumkuta mtu wa kuongea naye, na stoo haikuwa imefungwa. Walitoa vitu vyote nje, wakavirundika kwenye nyasi, wakaendelea na kazi yao. Saa nane mvua ikanyesha.

Nasambu alirudi kutoka shule akalikuta rundo lile. Kaseti zilikuwa zimetapakaa kwenye matope, kadi zimelowa na wino umechuruzika. Kabati kubwa lilikuwa limelala chali, skrini yake imepasuka, maji yakiingia ndani. Alipiga kelele akimwita Edinah, wakaanza kubeba walivyoweza hadi kwenye kibaraza cha nyumba ya jirani. Watu walisimama milangoni wakitazama. Mwanamke mmoja alisema waache, vitu vya damu huishia hivyo. Edinah aliposikia hayo alimtazama Nasambu, akaweka chini pedi alizokuwa ameshika, akarudi kwao bila kusema kitu.

Mzee Sifuna alifika akiwa amelowa mpaka mifupani. Aliangalia ploti tupu, kisha nyasi, kisha kile kibaraza. Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Shitanda ameapa hajawahi kukueleza lolote," alisema. "Nilimwita mwongo mbele ya wateja wake. Rafiki yangu wa miaka thelathini. Akanifukuza."

Sauti yake haikuwa na hasira. Laiti ingekuwa nayo, Nasambu angepata pa kujificha. Alisimama mbele yake mvuani, akamwambia yote. Alimwambia kuhusu Jumamosi ya mvua, televisheni ya kina Edinah, na kadi zote kumi na moja. Alimwambia kwamba hakuna hata moja yenye neno la kweli, na kwamba jana alimdanganya tena.

Mzee alimwambia tu aende nyumbani avue nguo zilizolowa asije akaugua.

Nabalayo aliporudi sokoni alimkuta binti yake amekaa gizani, hajawasha hata taa wala jiko. Alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumpiga, wala hakumtuliza. Alimwambia waombe kwanza. Walipomaliza, alimwambia kwamba Mungu amesikia, lakini walioumizwa bado hawajasikia, na hao wako umbali wa kutembea kwa miguu.

Kesho yake Nabalayo hakufungua biashara. Walianza na Shitanda. Fundi alizima chuma chake cha kulehemu, akafunga mlango wa kibanda, akawapa masanduku wakalie. Alitaka kwanza kusikia Nasambu akisema kwa kinywa chake kwamba Sifuna hakuwa na kosa. Baada ya hapo alisimulia habari za ile mashine nyeusi. Mapema mwaka ule wa vurugu mtu mmoja aliileta ndani ya gunia. Ilinuka moshi. Alisema ametoka Munyaka na ana haraka, itengenezwe, atarudi. Hakurudi kamwe. Shitanda aliiweka miaka minne, kisha akampa Sifuna.

"Hukumuuliza jina?" Nabalayo alisema.

Shitanda alisugua viganja vyake. "Mama, siku zile kumuuliza mtu jina ilikuwa ni kumuuliza kabila. Hakuna aliyemuuliza mwenzake jina. Ningemuuliza, labda ningejua imetoka nyumba gani, na leo Nderitu angekuwa na kaburi lenye gemu yake. Niliogopa. Hiyo ndiyo habari niliyotaka kuieleza nikiwa nimekaa."

Kutoka hapo walikwenda dukani kwa Mama Betty. Aliwakaribisha nyuma ya magunia ya chakula cha kuku. Nasambu alipiga magoti bila kuambiwa, akaungama.

"Zamani niliitwa Mama Nderitu," Mama Betty alisema. "Baada ya kambi watu wakaanza kuniita kwa jina la binti yangu, wasinikumbushe. Waliona wananionea huruma. Leo watu wakiniita, mwanangu hayupo hata katika jina langu. Halafu wewe ukaja na kadi yako, ukamwondoa hata katika kifo chake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

"Basi simama. Hapa umeniambia mimi, nami nakusamehe kwa ajili ya Mungu. Lakini Sifuna alihukumiwa mbele ya baraza. Mbele ya baraza ndiko utakakosema."

Jumamosi iliyofuata baraza lilikutana katika darasa la zamani la chekechea. Shitanda alikuja, akakaa karibu na Sifuna, na ingawa hawakuongea, alimsogezea kiti chenye mgongo. Nasambu alisimama mbele ya wazee. Hakuremba lolote. Alisema alitumwa akaulize, hakuuliza, akatunga, na alipoulizwa akamsingizia mtu mwingine. Sauti ilimkatika mara mbili, lakini hakuna aliyemsaidia, na ilimbidi amalize mwenyewe. Shitanda naye akaeleza habari za gunia na hofu yake.

Mzee Sifuna aliomba kusema neno. Alikiri kwamba yeye pia alikuwa na sehemu yake, kwa kuwa alimwambia mtoto aandike kama insha na asilete kadi tupu. Alimtia katika kona, akashangilia alicholetewa, bila kuuliza, kwa sababu kilikuwa kitamu.

Mzee Kuria aliinuka akampa Sifuna mkono. Alimwomba radhi kwa yaliyosemwa mtaani, ambayo mengine alikubali kwamba aliyasema yeye.

Kisha Mama Betty aliuliza kama ile mashine bado inaweza kufanya kazi. Mchungaji Kiprop aliileta kutoka ofisini, Shitanda akaiunganisha na televisheni ya kanisa, akachomeka kaseti, akaiwasha. Skrini ilitetemeka, kisha muziki ukaanza, muziki mwembamba wa haraka unaorudia palepale bila kuchoka.

"Kelele hizi," Mama Betty alisema. "Kila jioni nilimwambia azizime."

Aliziacha zikalia. Baada ya kitambo alinyoosha mkono akaizima mwenyewe, akaifunga kwenye leso yake, akaibeba kama mtu abebavyo mtoto mchanga, akaenda nayo nyumbani. Haikurudi, na Mzee Sifuna hakumwomba airudishe.

Baraza lilimpa darasa. Lakini kati ya vitu sitini na vinne, ishirini na viwili vilikuwa vimekufa kwa maji, pamoja na lile kabati kubwa ambalo halingepatikana jingine. Shitanda alivihangaikia wiki tatu bila kufufua hata kimoja. Jina la mzee pia halikurudi lote. Hata leo wapo watu Langas wanaovuka barabara wakimwona, kwa kuwa walisikia uvumi na hawakusikia ungamo. Edinah aliendelea kukaa na Nasambu darasani, lakini muda mrefu ulipita kabla hawajacheka pamoja.

Nasambu aliandika kadi zote upya. Mara hii alikwenda kwa Shitanda kila Jumamosi, mvua na jua, akakaa juu ya sanduku akaandika alichoambiwa tu. Kuhusu vitu vinne fundi hakukumbuka lolote. Kwenye kadi za vitu hivyo Nasambu aliandika neno moja: Hatujui. Alipozipeleka kwa Mzee aliogopa ataziona mbaya. Mzee alizisoma, akaziweka mahali pake.

Makumbusho yalifunguliwa mwezi wa Oktoba bila sherehe, kwa sala fupi ya Mchungaji Kiprop. Siku ya pili aliingia mtu mmoja mwenye ovaroli, makanika aitwaye Wangila, kutoka mji wa Turbo. Alisimama mbele ya gemu ndogo ya mkononi iliyoandikwa Hatujui. Alisimama sana. Kisha akamwita Nasambu akamwambia kwamba kifuniko cha betri cha gemu hiyo si cha asili, kimekatwa kutoka kwenye mkebe wa majani ya chai, na aliyekikata ni marehemu baba yake, kwenye hoteli yao pale Turbo.

Nasambu alikimbia kuleta karatasi. Aliandika kila neno, akamsomea, akamuuliza kama ni hivyo. Wangila alisahihisha mahali pamoja, akafuta macho kwa mkono wenye grisi, akaenda zake.

Mzee Sifuna alikuwa ameona yote kutoka kwenye kiti chake karibu na mlango. Alimwita Nasambu akae.

"Ungemwandikia huyu hadithi nzuri," alimwambia, "angeisoma, akajua si kweli, akaondoka kimya na baba yake moyoni. Mtu akiandika hajui, amemwachia nafasi anayejua aje aseme. Akiandika uongo, hata uwe mtamu vipi, amemfungia mlango mwenye habari yake. Usione haya kusema hujui, mwanangu. Uone haya kusema unajua, na hujui."

Nasambu aliitikia. Kisha akaenda kwenye rafu, akaiondoa ile kadi yenye neno moja, akaweka mpya mahali pake. Zilibaki tatu za Hatujui, na hizo ziko pale mpaka leo.